Siku moja maishani mwangu: kusaka chonga kwenye minazi, Mambrui

Saa 12 asubuhi. Nshafika shambani, Mambrui hapa kaskazini mwa Malindi, na kazi ya kwanza ni kutazama juu tu. Mnazi uliovamiwa na chonga, yule mdudu anayetoboa kilele cha minazi, unajulikana kwa makuti, yakifunguka unaona yamekatwa pembetatu kama yamepitishwa mkasi, manake alitoboa yakiwa bado yamekunjwa kule kileleni.

Saa 1 na nusu. Mzee mgema keshakwea na waya wenye ncha iliyopinda. Anatafuta tundu lililotokwa na nyuzi zilizotafunwa, anaingiza waya polepole, anamvuta. Lidudu jeusi, nene, lina pembe kichwani. "Mwanangu, huyu alikuwa karibu na moyo." Nikisikia hivo nashtuka sana, mnazi ukiliwa moyo ndo umekufa, hauna tawi la kuchipua tena. Na chonga hana haja na nazi yeye, anachotafuna ni ile sehemu laini changa apate maji yake.

Saa 3 chai na mahamri.

Saa 4. Tunapasua gogo la mnazi ulioanguka zamani, na jamani hapa ndo penyewe! Funza weupe wanene wamejikunja humo ndani. Hawa hawagusi mnazi ulio hai kabisa, wanakula gogo lililooza na samadi bas, lakini ndo chonga wa kesho. Jike anataga humu, yai linakaa kama siku 10 hivi linaanguliwa, funza anakula miezi 3 au 4, halafu anajifungia kama wiki 3 akigeuka, akitoka ana mbawa na pembe anaruka usiku kwenda kileleni. Sasa watu wanahangaika na waya huko juu mwaka mzima na magogo wameyaacha yaoze chini ya minazi hiyohiyo, yani inaniuma. Funza tumewapa kuku, gogo tumelichoma.

Saa 9 alasiri. Miche, hii ndo inakufa haraka zaidi. Naweka mchanga uliochanganywa na chumvi kwenye vikwapa vya makuti, asipate pa kupenya.

Saa 11 jioni. Nimepita kwa jirani, ana lundo la samadi limekaa muda mrefu ukutani kwake. Nikamwambia kaka, tukilipindua hili wote wawili tunapona. Amekubali, kesho asubuhi naenda na koleo na kuku wake wafunguliwe mapema.