Kubonyeza Mpaka Chini

"Kwenu hamkuwa na maabara?" Leo ni siku ya tatu na swali hilo bado linanichoma. Aliyeuliza ni mwenzangu wa meza ya maabara hapa chuoni ughaibuni, kijana wa miaka 19, wala hakuuliza kwa kutaka kujua. Jeli yetu ya agarosi, ile ya kuonyesha vipande vya DNA tulivyonakili, ilikuwa imetoka kwenye umeme mikono mitupu. Safu ya kipimo ndiyo pekee iliyong'aa chini ya taa. Safu zetu sita, giza. Wiki mbili za kazi hizo.

Kilichoniuma ni kwamba nadharia namshinda. Niulize PCR, njia ya kunakili DNA, nikutiririshie: digrii 95 nyuzi mbili za DNA ziachane, kama 55 vianzio (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia nakala) vishike, 72 kimeng'enya kijenge, na kila mzunguko nakala zinakuwa maradufu. Nitakuongezea bure kwamba kimeng'enya chenyewe, Taq, asili yake ni bakteria wa chemchemi za moto za Yellowstone, ndiyo maana hakiungui. Kidato cha sita mchoro wangu wa mitokondria ulibandikwa ukutani. Ila hadubini ilikuwa moja, na aliyeigusa ni mwalimu. Mnajua wenyewe.

Aliyeniokoa si profesa. Ni mama mmoja mtu mzima, fundi wa maabara. Wenzangu walipoondoka akaniwekea maji ya rangi na pipeti, kile kifaa cha kuchotea vimiminika kidogo kidogo, akasema chota. Nikachota. "Tena, polepole." Kisha akanishika kidole gumba. Kumbe kitufe cha pipeti kina vituo viwili! Unabonyeza mpaka kidole kikutane na ugumu wa kwanza, hapo ndipo unachota. Ukikaza kinashuka tena, na hicho cha pili ni cha kusukumia nje tone la mwisho. Mimi muhula mzima nachotea cha pili. Kila nilichodhani ni mikrolita 2 (mikrolita ni sehemu moja ya elfu ya mililita) kilikuwa zaidi, magnesi na vianzio vya mchanganyiko wetu wa PCR vyote shaghalabaghala.

Akaleta mizani. Mikrolita 100 za maji zinapaswa kusoma gramu 0.1, zangu zikasoma 0.13. Tulikaa saa nzima, mpaka nikapata 0.1 mara kumi mfululizo. Wala hakuuliza kwetu ni wapi.

Sasa nyie mnaonijazia ujumbe mkiuliza chuo gani kizuri kwa baiolojia ya seli na molekuli: kabla ya kupanda ndege, ombeni maabara yoyote, hata ya hospitali, mshike pipeti. Zoeeni kuandika daftari la kila siku, pamoja na makosa, maana kosa usiloliandika utalirudia. Na mjue seli hazina Jumapili. Za HeLa ninazolea, seli za binadamu zinazokuzwa maabara, huongezeka maradufu kwa takriban siku moja, na maji ya waridi ya kuzilisha yakigeuka manjano ujue asidi imezidi. Huwezi kuziambia nakuja Jumatatu. (Zilichukuliwa kwa Henrietta Lacks mwaka 1951, bila yeye kuombwa ruhusa. Nikizilisha usiku peke yangu humkumbuka sana huyo mama.)

Kesho tunarudia zile safu sita. Leo mchana nilimkodolea macho yule kijana akichota. Naye anabonyeza mpaka chini.

Sijamwambia bado.