Kabati la vipande chini ya dari inayoinama: nilivyopima, nilivyokosea

Chumba cha juu cha nyumba yetu Buruburu, Nairobi, kimekaa chini ya paa la vigae, na dari yake huanza kwenye ukuta mfupi wa sentimita 110, ikafuata mapao kwa mteremko hadi sentimita 240, ndipo inapokuwa bapa. Kila mita moja unayosogea kutoka ukuta ule mfupi, dari hupanda takribani sentimita 70. Laiti ningelipima hivyo kabla ya kwenda dukani.

Nilichopima mimi ni pale mlangoni, ambapo mtu husimama wima bila wasiwasi, nikarudi na kabati la sentimita 236 likiwa mbao bapa ndani ya maboksi. Tuliliunganisha likiwa limelala sakafuni, kama karatasi ya maelekezo ilivyoagiza. Fundi alilitazama, akalitazama tena juu, akasema, "Mwalimu, hili halisimami." Nilimwonyesha kwamba 236 ni pungufu ya 240. Alichukua futi akapima kutoka kona ya chini hadi kona ya juu ya upande wa pili wa ubavu wenye kina cha sentimita 60, akapata karibu 243 na nusu. Kabati linapoinuliwa, kipimo hicho cha kona hadi kona ndicho kinachopaswa kupita chini ya dari, wala si kimo chake. Tulilifungua lote, tukasimamisha mbavu mbili zikiwa wima, nami nikazishikilia huku yeye akipitisha rafu katikati.

Sehemu iliyobaki, yaani ile ya mteremko, ndiyo iliyotutoa jasho. Kuegemeza kabati kwenye ukuta mfupi kungemaanisha mgongo wake usizidi sentimita 110, na shati pekee huhitaji kama mita moja ya kuning'inia. Kwa hiyo tulilipanga kwenye ukuta wa pembeni, ule unaopanda pamoja na paa, vipande vikishuka kama ngazi kutoka lile la sentimita 236, ambalo ndilo kipande cha kwanza. Kipande cha pili, chenye upana wa sentimita 50 na kimo cha 201, kilipita kwa nafasi ya vidole viwili. Tulikiinua kwanza chini ya dari bapa, kisha tukakisukuma hadi mahali pake. Cha tatu tulikikata hadi sentimita 168.

Kukata si kazi ya msumeno peke yake. Ukipunguza ubavu kwa juu, unapoteza matundu ya kiwandani yanayoshika ubao wa juu, na kwenye mlango unapoteza tundu la bawaba lenye kipenyo cha milimita 35. Fundi aliyatoboa yote upya, akaacha bawaba za chini zilivyokuwa, kisha akafunika kingo zilizokatwa kwa utepe unaobandikwa kwa pasi. Hatua hiyo nisingeiruka, kwa kuwa ubao wa chembechembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, kama wa kabati hili, huvimba upesi ukingo wake ukiachwa wazi, na chini ya paa letu masika huingia na unyevu wake. Pembetatu iliyobaki juu ya kila ngazi tuliichora kwanza kwenye kadibodi ya boksi, tukaipunguza kwa kisu mpaka ikakaa, ndipo tukakata ubao. Nyumba yetu haina pembe mbili zinazofanana.

Ukuta ni wa mawe ya kuchonga, hivyo ilibidi tutumie drili ya kugonga na plagi za kushikia skrubu ukutani ili kufunga kila kipande. Kwenye dari hatukufunga chochote, kwa sababu ile jipsam haiwezi kubeba uzito. Sakafu nayo ilipotoka kwa sentimita moja, tukaweka kabari za mbao hadi pimamaji ikatulia. Kwenye sentimita 86 za mwisho, karibu na ukuta mfupi, tuliweka droo, maana pale mtu huchuchumaa apende asipende.

Jambo ambalo karatasi ya maelekezo haikuligusa ni upande wa bawaba. Bawaba za kawaida hufunguka hadi digrii 110, na mlango wenye bawaba upande wa chini wa mteremko ukipita 90 hugonga dari kwa kona yake ya juu. Tulizihamishia upande wa juu wa mteremko. Sasa milango hufunguka kikamilifu, ila humzibia njia mtu anayetoka mlangoni, na kila asubuhi mke wangu huizunguka akinikumbusha kwamba yeye alipendekeza pazia.