Slagi ipi kwa bunduki ya marisau

Wasasi wenzangu wa kusini, marisau madogo kwa nguruwe tuachane nayo jamani, anajeruhiwa tu anakimbilia msituni anateseka huko na muhogo ushaliwa. Mie natia slagi, kipande kimoja kizito, kwa geji 12 (ndo kipimo cha upana wa mtutu) mara nyingi gramu 28 hivi.

Mtutu wangu laini, hauna mifuo ndani ya kuizungusha risasi, kwa hiyo nachukua aina ya Foster au Brenneke (hii ya pili aliibuni Mjerumani Brenneke toka 1898), zile za saboti, zilizovishwa ganda la plastiki, zimetengenezwa kwa mitutu yenye mifuo, kwenye laini hazizunguki zinakwenda kombo. Na choki, ule mbano wa mdomo wa mtutu, iliyobana sana siitaki kabisa.

Kujaribu sasa ndo kwenyewe. Gunia la mchanga chini ya bunduki, karatasi mita 50, nyuma kifusi kikubwa cha udongo, maana huku kwetu mawe matupu na slagi ikigonga jiwe inaruka usikokujua na watu wapo mashambani. Napiga tatu tatu kila aina, naacha mtutu upoe, halafu naangalia matundu yamekaribiana vipi, hilo moja lililopiga katikati halinambii kitu. Yangu mie zile za bei kubwa ilizitawanya upana wa sinia, za bei rahisi nikaweka kiganja yakafunikwa yote! Jirani yangu ana bunduki kama hii hii na kwake ikawa kinyume, kwa hiyo usibebe maboksi kwa kusikia tu, nunua chache chache ujaribu. Na ukimaliza piga brashi mtutu, madini ya risasi yanaganda ndani.