Diski Iliyosoma Mia kwa Mia

Mwaka 2019 nilikuwa fundi kompyuta Morogoro, na dawa ya kila mashine nzito mjini ilikuwa moja: piga window, yaani futa na usakinishe Windows upya. Inachelewa kuwaka, piga window. Word inaganda, piga window. Mama mmoja mwenye steshenari karibu na chuo alikuwa ameshapewa ushauri huohuo, na nilipofika nikakuta flashi yenye Windows iko tayari mezani, kaachiwa na kijana wa jirani.

Ulikuwa msimu wa ripoti za utafiti. Wanafunzi walijaa hadi barazani, na dekstopu ya kuchapia ilikuwa ikijivuta dakika nzima kabla ya kufungua faili moja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nisaidie, watoto hawa wanatakiwa kukabidhi kazi. Ifute tu, uiweke upya."

"Kazi zao ziko wapi?"

"Si humohumo! Na mitihani ya sekondari ninayowachapia walimu, na hesabu za kikoba chetu."

Nakala nyingine haikuwepo popote. Flashi ile sikuigusa.

Nilibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ikafunguka. Safu ya diski ilisoma asilimia 100 na haikushuka. Hapa ndipo wengi hupotea. Asilimia ile haisemi kwamba diski imejaa, wala kwamba inafanya kazi kubwa. Inaonyesha sehemu ya muda ambayo diski ilikuwa na ombi ambalo halijakamilika. Karani anaweza kuwa na mtu dirishani saa nzima kwa sababu amehudumia watu mia, au kwa sababu bado anahangaika na yule wa kwanza. Ukiangalia dirisha tu, huwezi kuwatofautisha.

Kwa hiyo nilifungua Resource Monitor, inayoonyesha ni programu gani inasoma faili gani, na diski inachukua muda gani kujibu. Watuhumiwa wa kawaida nawajua: antivairasi inayokagua, Windows Update, Windows Search inayoorodhesha mafaili, na SysMain (zamani Superfetch), inayopakia mapema programu unazotumia sana. Kwenye diski ya kuzunguka, hizi zinaweza kweli kuilemea mashine. Nilizisimamisha SysMain na Search. Asilimia ikabaki palepale.

Kilichonishtua ni namba mbili zikisomwa pamoja. Data iliyokuwa ikipita haikufika hata megabaiti moja kwa sekunde. Na muda wa kujibu? Diski ya mizunguko 7200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa takriban milisekunde 8, hivyo jibu la milisekunde kumi au ishirini halina neno. Hii ilikuwa inajibu kwa zaidi ya elfu mbili. Hakuna programu iliyokuwa ikiomba mengi. Diski yenyewe ilikuwa inarudia kusoma mahali palepale na kushindwa.

Event Viewer, daftari la matukio la Windows, ilithibitisha: kosa namba 7, diski ina eneo bovu, limejirudia ukurasa baada ya ukurasa. CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, nayo ikatoa rangi ya njano ya tahadhari, na hesabu ya sekta, yaani vipande vidogo vya diski, zinazosubiri kuhamishwa, ile yenye alama C5, ilipanda huku naitazama.

"Mama, hii siyo Windows. Diski inakufa. Tukipiga window tutaandika juu ya kazi za watu."

Kuna aliyependekeza chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski, na ile /r yake. Nilikataa. Amri hiyo hupitia kila sekta, na diski iliyofikia hali ile, kila usomaji ni akiba inayotumika. Inapaswa kutumika kuokoa data kwanza. Nikaizima mashine. Wanafunzi walinung'unika, na sikuwalaumu. Mama akasimama mlangoni akawaambia waje kesho. Niliheshimu sana uamuzi ule, maana siku ile ilikuwa ya mauzo.

Usiku niliunganisha diski ile na nyingine mpya kwenye mashine yangu ya Linux, juu ya UPS niliyoazima kwa rafiki mwenye studio ya picha, nikaiachia ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu. Uzuri wake ni kwamba huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, sehemu korofi ikaziacha na kuzirudia baadaye, na huandika kwenye faili la ramani ilipofikia. Umeme ukikatika, unaendelea ulipoishia. Hadi asubuhi karibu diski yote ilikuwa imehama. Sehemu kubwa ya maeneo yaliyokataa ilikuwa ya Windows yenyewe. Ripoti moja tu haikufunguka, na mwenyewe alikuwa nayo kwenye barua pepe yake.

Tulinunua SSD, diski isiyozunguka, na hapo ndipo nilipopiga window, kwenye diski nzima na tupu. Kazi zikarudishwa, nakala ikawekwa kwenye ile diski ya pili. Mama akaniomba nimwonyeshe pa kutazama. Nikamwonyesha ukurasa wa Performance kwenye Task Manager, kwamba asome asilimia pamoja na muda wa kujibu ulio chini yake.

Wiki kadhaa baadaye alinipigia simu.

"Fundi, imefika mia. Lakini milisekunde ni mbili."

"Kuna kitu kinachojisakinisha?"

"Windows inajisasisha."

"Iache imalize, mama."

"Ndivyo nilivyofikiri," akasema, akakata.