Mtaimbo Ulioingia kwa Mkono Mmoja

Mabinti wa vyuo wanaponiuliza nilifikaje ukanali, wengi hutarajia nianze na Monduli, kwenye chuo cha maafisa wa jeshi: kwata, mbio za usiku na mzigo mgongoni, siku ya kutunukiwa kamisheni. Hayo niliyapitia bega kwa bega na wanaume, na yalinikomaza. Lakini mimi naanza na mto mmoja mkoani Morogoro, wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998, zilizokata barabara na kusomba madaraja sehemu nyingi za nchi. Nilikuwa luteni.

Jeshi nililipendea JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Enzi zetu kila aliyemaliza kidato cha sita alikwenda kwa mujibu wa sheria, kabla utaratibu huo haujasitishwa mwaka 1994. Kisha nikasoma uhandisi wa ujenzi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako wasichana darasani tulikuwa wachache mno. Mama alitamani niende Wizara ya Ujenzi, nikae ofisini. Nikaenda Monduli.

Daraja tulilopewa kulijenga lilikuwa la Bailey, aina aliyoibuni Mwingereza Donald Bailey wakati wa Vita Kuu ya Pili. Nalipenda daraja hili mpaka leo, na naomba nilieleze kidogo. Ni fremu za chuma zinazofanana zote, kila moja ina urefu wa mita tatu na uzito wa kilo kama 260, nazo huungwa kwa pini. Askari sita huibeba fremu moja kwa mikono, bila winchi wala kreni. Daraja lote huundwa ng'ambo moja ya mto, juu ya roli, yaani vyuma vya mviringo vinavyozunguka, kisha husukumwa kwenda mbele. Mbele yake hufungwa pua, yaani fremu zile zile bila sakafu, hivyo nyepesi zaidi, ili ifike ukingo wa pili kabla ya daraja lenyewe. Kanuni ni moja: mpaka pua iguse ng'ambo, uzito ulio nyuma ya roli lazima uushinde ulio mbele. Ikikosewa, daraja zima huinama na kuingia mtoni pamoja na waliolishika.

Hesabu ile niliifanya usiku kwa taa ya chemli, nikairudia asubuhi pamoja na sajinitaji wetu, mzee aliyejenga madaraja hayo kabla sijaanza shule. Alikuwa hajasoma mekanika ya vitabuni, lakini alitembea kutoka mkiani hadi puani akihesabu fremu kwa kidole, akasema, "Afande, litasimama." Kisha akaanzisha wimbo na kikosi kikasukuma. Mita 27 za chuma zilivuka juu ya maji mekundu taratibu, hatua kwa hatua, na pua ilipogusa roli za ng'ambo vijana walipiga kelele kama uwanja wa mpira.

Tulimaliza kupiga sakafu alasiri. Upande wa pili watu walikuwa wamejaa tangu asubuhi, maana vijiji vyao vilikuwa vimekatika na chakula kilikuwa kikiisha. Upande wetu lilisubiri lori la mahindi, limejaa hadi turubai limevimba.

Nilivuka kwa miguu kwenda kukagua kitako cha ng'ambo, yaani pale mabamba ya chuma yanapokabidhi uzito wa daraja kwa ardhi. Nilichukua mtaimbo nikauchomeka hatua moja kutoka kwenye bamba. Uliingia kwa mkono mmoja, karibu mpaka nusu yake. Mvua ya usiku ilikuwa imeshuka hadi chini ya tabaka tulilolishindilia. Nikaamuru Landrover ivuke, nami nikaangalia kwa levo, chombo cha kupimia kimo. Ilipofika mwisho wa daraja kitako kilizama milimita chache. Ilipotoka, hakikurudi.

Hapo ndipo wasiokuwa wahandisi hunielewa vibaya. Chuma chenyewe hakikuwa na tatizo. Tulikuwa tumeweka fremu mbili mbili kila upande, na kwa urefu ule kingelibeba lori lile vizuri. Ila gari linapokaribia mwisho wa daraja, karibu uzito wake wote huangukia kitako cha upande huo. Landrover ilikuwa na tani mbili. Lori lile, kwa magunia niliyoyahesabu na dereva, lilizidi tani 20.

Mkuu wangu wa operesheni ile, luteni kanali, alifika jua likiwa limeinama.

"Luteni, daraja limekamilika au halijakamilika?"

"Chuma kimekamilika, Afande. Ardhi ya ng'ambo bado."

"Unawaona wale watu?"

"Nawaona, Afande."

"Wana watoto. Lori livuke."

Nilisimama wima nikamwambia naomba lisivuke na mzigo. Nikamweleza mtaimbo na levo. Nyuma yangu nilisikia askari mmoja akinong'ona kwamba angekuwepo mhandisi mwanamume, lori lingekuwa limeshavuka. Yule mkuu naye alisikia, kwa sababu alimtazama mpaka akanyamaza. Kisha akatoa daftari mfukoni.

"Andika. Jina, namba, cheo, saa, na sababu. Weka saini."

Niliandika nikiwa nimeegemeza daftari kwenye boneti ya gari. Asiyepita jeshini anaweza asione uzito wa jambo lile. Karatasi ikiwa na saini yako hukufuata kila uhamishwapo, na yangu ilisema kwamba luteni wa kike alizuia chakula kisiwafikie wenye njaa. Mkono haukunitetemeka, maana usomaji wa levo haukuwa maoni yangu.

Alisoma mara mbili, akaiweka mfukoni, akavuka daraja kwa miguu peke yake. Aliwaambia wananchi kwamba ameamua yeye lori lisivuke usiku ule, na mahindi yatavushwa kwa mikono. Hakunitaja. Kama kuna lawama, aliibeba yeye mbele yao.

Waliolibeba zoezi lile ni akina mama. Magunia yalifunguliwa, mahindi yakagawanywa kwenye madebe, ndoo na khanga zilizofungwa pembe, na foleni mbili zikapishana darajani hadi usiku, moja ikienda na mzigo kichwani na nyingine ikirudi mikono mitupu. Mama mmoja alisimama mbele yangu akaniuliza kama ni mimi niliyekataza lori. Nikamjibu ndiyo, mama. Akasema, "Haya mwanangu, usichoke kuangalia," akaendelea na debe lake. Askari wetu, hata yule mnong'onaji, walibeba pamoja nao.

Kesho yake tulipata mataruma ya reli. Tuliinua mwisho wa daraja kwa jeki, tukachimbua tope lote, tukajaza mawe, tukapanga mataruma tabaka mbili zilizopishana ili uzito usambae kwenye eneo kubwa zaidi, kisha tukalishusha. Kazi hiyo haina cha kusimulia, ni jembe na jasho. Lori la pili la mahindi lilipovuka na mzigo wote nilikuwa kwenye levo. Kitako kilizama kidogo, gari likatoka, kikarudi palepale.

Je, ukingo ungeshindwa jioni ile? Sijui, na hakuna atakayejua. Daraja ambalo halikuanguka halimpi mhandisi ushahidi wowote kwamba alikuwa sahihi, na katika miaka yote ya utumishi wangu sijaona jambo gumu zaidi ya hilo kumweleza mkuu anayetazama watu wenye njaa.

Nilipokuja kuwa na maluteni wangu mwenyewe, baadhi yao mabinti, walikuja nao na hapana zao, nyingine kwa sauti ndogo kabisa. Niliwaomba kile kile: wamepima nini, saa ngapi, na saini. Wakishaandika, nilichukua ile karatasi, nikaenda mimi kuzungumza na wanaosubiri.