Boksi lenye taa na boksi la ofisini

Dada yangu alinitumia milioni moja na laki mbili kwa simu, na ujumbe wa mstari mmoja: "Mtafutie kompyuta ya gemu, usiniletee pambo." Mpwa wangu alikuwa amemaliza kidato cha sita, anasubiri matokeo, na ikifika jioni haonekani nyumbani. Yuko banda la PS analipia mechi moja moja. Dada akapiga hesabu zake akaona bora hela ikae sebuleni kwake Tabora kuliko kumnenepesha mwenye banda. Mimi ndiye ninayeishi Dar, kwa hiyo mimi ndiye mjomba anayejua kompyuta. Ukweli ni kwamba ninachokijua nimekijua kwa kupigwa.

Mwaka 2019 niliuziwa kadi ya grafiksi, kile kipande kinachochora picha za gemu, iliyoandikwa GTX 1050 Ti. Boksi zuri, stika inang'aa. Kufika nyumbani gemu ya GTA V ikawa inakwenda kama slaidi za harusi. Jamaa mmoja wa kazini akaniwekea programu ndogo inayoitwa GPU-Z, na jina la kadi likatokea limetanguliwa na neno FAKE, herufi kubwa kabisa. Ndani kulikuwa na chipu ya GTX 550 Ti, ya mwaka 2011, iliyobatizwa jina jipya. Nikarudi dukani, nikakuta duka linauza vipodozi. Tangu siku hiyo siendi kununua kompyuta bila flashi yangu mfukoni, na GPU-Z ndani yake.

Basi Jumamosi nikashuka Kariakoo. Sikumaliza hata kuvuka barabara, winga, wale wanaovutia wateja madukani, kanidaka. "Bosi wangu, mashine ya gemu? Twende." Akanipeleka ghorofa ya pili, kwenye duka lenye kompyuta ya kioo ubavuni, feni nne zinabadilika rangi kama taa za disko. "Core i7 hii, RAM 16, grafiksi GB 4. Milioni moja na elfu hamsini, kwa sababu ni wewe."

Nakiri ilipendeza. Nilimwona mpwa wangu kabisa akipiga nayo picha ya kuweka status.

Nikaomba iwashwe, nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc, nikaangalia jina la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. i7-3770. Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, maana neno "i7" linasikika kubwa. Angalia namba inayofuata baada ya kistari: 3770 ni kizazi cha 3, mwaka 2012, koa nne, yaani vichwa vinne vya kufanya kazi. i5-8500 ni kizazi cha 8, mwaka 2018, koa sita. Huyo i5 anamwacha huyo i7 mbali. Halafu hicho kizazi cha 3 hakina maagizo yanayoitwa AVX2, na baadhi ya gemu mpya bila hayo hazifunguki kabisa. Hata upunguze ubora wa picha mpaka sifuri, hazifunguki. Na Windows 10 yenyewe Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, wakati Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Watu wanailazimisha kwenye mashine za zamani, ndiyo, ila mimi sitaki kupigiwa simu kutoka Tabora kila inapogoma.

Kadi nayo ilikuwa GT 730. GB 4 zilikuwepo, winga hakudanganya. Lakini GB za kadi ni ukubwa wa gunia, si nguvu za mbebaji. GT 730 ni kadi ya mwaka 2014 ya kumwezesha mtu kuunganisha kioo cha pili, yaani skrini, na kuangalia video. RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, kweli zilikuwa GB 16, hilo sikatai.

Nikauliza kuhusu kile kifaa kinachogawa umeme ndani: "Paua saplai yake ni ya nani?" Winga akamtazama kijana wa duka, kijana akaitazama kompyuta. Tukafungua mfuniko. Stika inasema wati 500, kampuni haitajwi popote, na nilipoiinua kidogo kwa kidole ikanyanyuka kama boksi la viberiti. Paua saplai ya kweli ina uzito, kwa sababu ndani kuna koili na vyuma vya kupoozea joto. Hiyo nyepesi ikiungua siku umeme unaporudi kwa kishindo, haifi peke yake. Nikashukuru, nikashuka ngazi, na winga akanifuata mpaka chini akishusha bei: milioni, laki tisa na nusu, laki tisa.

Nilichokwenda kutafuta hasa hakina taa hata moja. Makampuni ya Ulaya na Uarabuni hununua kompyuta za ofisi kwa mamia, wanazitumia miaka michache, wanabadilisha zote kwa mpigo. Zile za zamani ndizo zinazotufikia sisi kama mtumba: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Nyeusi, zimekwaruzwa, bado zina stika za idara fulani huko zilikotoka. Zilitengenezwa ziwake saa nane kila siku mhasibu akifungua majedwali yake, na zimetoka zikiwa na paua saplai ya maana. Zinakosa kitu kimoja tu, kadi ya grafiksi.

Tatizo ni umbo. Modeli hiyo hiyo inakuja kwa maumbo matatu. Kuna kile kidogo kama kitabu, kadi haiingii, achana nacho. Kuna lile jembamba, linalopokea kadi nusu kimo tu, na kadi hizo ni adimu na bei yake imechangamka. Halafu kuna boksi kamili, wenyewe wanaita tawa, ambalo kwa Kariakoo ni la kutafuta kwa sababu wateja wengi wanataka vidogo visivyojaza meza. Nilizunguka maduka sita. La saba likawa na OptiPlex 7060 ya tawa, i5-8500, RAM GB 8, diski ya zamani ya kuzunguka ya GB 500. Akasema laki sita na ishirini. Tukamalizana laki tano na arobaini, baada ya mimi kumwonyesha kwamba mlango mmoja wa USB wa mbele umekufa. Daima kuna kitu kimekufa. Kitafute kabla hujataja bei yako.

Sasa, paua saplai ya hiyo Dell ni ya wati 260. Mtu wa mitandaoni atakuambia nunua nyingine kubwa zaidi. Huwezi kirahisi: haitumii plagi ya kawaida ya pini 24 kwenye madabodi (ubao mkuu wa ndani), Dell wana plagi yao, na hata umeme wa diski unatoka kwenye madabodi badala ya kutoka kwenye paua saplai moja kwa moja. Ukileta ya dukani utabaki umeshika waya mkononi. Kwa hiyo paua saplai unayoikuta ndiyo utakayoishi nayo, na ndiyo inayokuchagulia kadi. Ndiyo maana naiulizia mapema, kabla ya hayo mambo ya i7.

Tundu la kadi kwenye madabodi linatoa wati 75, basi. Kadi inayotaka zaidi huja na tundu la waya wa ziada, na OptiPlex haina waya huo. Hapo orodha inakuwa fupi. GTX 1650 ya mwaka 2019 inatosha kwenye hizo 75, ila si zote. Zipo zilizotengenezwa na tundu la pini 6, kwa hiyo igeuze uangalie ukingoni kabla ya kulipa. RTX 3050 ya GB 6, si ile ya GB 8, inatumia wati 70 na ina nguvu kuliko 1650, lakini ingemeza bajeti ya dada yote. Nilionyeshwa pia RX 6400, mpya, bei nzuri, wati 53 tu. Nikaiacha. Kadi hiyo inatumia njia nne tu kuzungumza na madabodi, na kwenye madabodi za umri huu kila njia ina kasi nusu ya ile iliyokusudiwa. Ni kama basi zuri kwenye barabara ya vumbi. Kwenye mashine mpya zaidi ningeichukua bila kusita.

Nikapata GTX 1650 iliyotumika, fupi, feni moja, laki tatu na sitini. Flashi ikatoka mfukoni. Kijana wa duka akacheka, akasema, "Mzee, wewe ni polisi?" GPU-Z ikasoma jina bila neno lolote mbele yake. Nikamwomba aniachie dakika kumi na tano kadi ifanye kazi nzito huku nasikiliza feni. Haikulia, haikuzima. Nikalipa.

RAM ilikuwa kijiti kimoja cha GB 8. Nikaongeza cha pili cha ukubwa huo huo kwa elfu sabini na tano, maana vijiti viwili vinafanya kazi bega kwa bega na gemu haishtuki shtuki. SSD, diski ya kasi isiyozunguka, ya GB 500 ikala laki moja na ishirini. Kinga ya umeme elfu thelathini na tano. Kioo nilikuwa nacho, cha inchi 22, kilikuwa kinakusanya vumbi juu ya kabati.

Kama una milioni tatu mkononi hadithi yako ni nyingine, utanunua mpya yenye RTX 4060 na utasahau mambo ya wati 75. Lakini hata huko fungua mfuniko. Nimeona mpya yenye kadi ya maana, na ndani kijiti kimoja cha RAM na paua saplai isiyo na ukoo.

Jumapili nzima niliiacha ikishusha gemu kwa intaneti ya nyumbani kwangu, kwa sababu GTA V peke yake ni zaidi ya GB 90 na huko Tabora mtoto angemaliza vifurushi vya ukoo mzima. Nikaweka na gemu za mpira, EA FC 24 pamoja na eFootball. FC 24 kwa ubora wa kati ikawa inateleza, fremu (picha) sitini hivi kwa sekunde, na nikajikuta nimecheza mpaka saa saba usiku kwa jina la majaribio.

Kabla ya kuipeleka stendi ya Magufuli pale Mbezi niliichomoa kadi, nikaifunga peke yake. Kadi ikiachwa inaning'inia ndani ya boksi, matuta ya njiani yanaweza kuling'oa tundu lake. Mzigo elfu ishirini na tano. Chenji, elfu arobaini na tano, nikamrudishia dada, naye akanipigia kuuliza kama nina uhakika nimenunua kompyuta kamili.

Kesho yake usiku simu ya mpwa. "Shikamoo Mjomba. Umetuma mbovu. Feni inazunguka, kioo cheusi." Nikamwambia anipigie video. Kadi alikuwa ameichomeka vizuri kabisa, lakini waya wa kioo ameuweka juu, kwenye tundu la madabodi, badala ya chini kwenye kadi yenyewe. Akauhamisha. Ikawaka. Nikasikia kelele za vijana wasiopungua wanne nyuma yake.

"Mjomba," akasema baada ya muda, kwa sauti ya heshima sana, "mbona haina taa?"

Wiki iliyopita akanitumia picha. Ile chenji ya elfu arobaini na tano dada alimwachia, naye amenunua utepe wa taa za LED, akaubandika kuzunguka OptiPlex yote, na sasa stika ya idara ya huko Ulaya inang'aa zambarau. Nimemwambia tu autoe pale mbele, ameziba matundu ya hewa.