SEISS: ruzuku iliyopimwa kwa ritani za zamani

Machi 26, 2020, Waziri wa Fedha wa Uingereza, Rishi Sunak, alitangaza ruzuku ya SEISS (Self-Employment Income Support Scheme), mpango wa kusaidia mapato ya waliojiajiri: madereva wa teksi, wasusi, mafundi bomba. Kiasi cha malipo hakikutokana na hasara ya wakati wa korona. Kilitokana na ritani za kodi, yaani fomu za kutangaza mapato, za miaka iliyopita.

Mamlaka ya kodi, HMRC, ilichukua faida ya miaka mitatu, 2016-17 hadi 2018-19. Tuseme msusi alipata pauni 18,000, kisha 24,000, kisha 21,000. Jumla 63,000, gawanya kwa miezi 36: 1,750 kwa mwezi. Ruzuku ya kwanza ilikuwa asilimia 80 ya faida ya miezi mitatu, kwa hiyo akalipwa 4,200. Kikomo kilikuwa 7,500. Ya pili ilishuka hadi asilimia 70.

Kilichohesabiwa kilikuwa faida, si mauzo. Dereva aliyetoa gharama kubwa za gari kwenye ritani, kwa haki kabisa, alijikuta na ruzuku ndogo.

Walioachwa nje walikuwa wengi, na naona hapo mpango ulikosea. Faida ilipozidi 50,000, hukupata hata senti. Mapato ya ajira au pango yalipozidi faida ya biashara, hukupata. Wakurugenzi wa kampuni zao ndogo waliojilipa kwa gawio hawakuhesabiwa kabisa. Aliyeanza kazi baada ya Aprili 2019 alisubiri hadi ruzuku ya nne, ya 2021.

Wahamiaji ambao viza zao zinakataza misaada ya serikali waliogopa bure: ruzuku hii haikuhesabiwa miongoni mwa misaada hiyo.

Kuomba kulikuwa kwepesi: namba ya mlipakodi, namba ya Bima ya Taifa, akaunti ya benki. Ila ilibidi uombe mwenyewe. Mhasibu akiingia kwa niaba yako, mfumo ulishuku udanganyifu na malipo yakachelewa.

Shida ilirudi wakati wa kodi, kwa kuwa ruzuku yenyewe ilitozwa kodi. Ritani ya 2020-21 ilikuwa na kisanduku chake maalumu. Aliyeijumlisha kwenye mauzo akaacha kisanduku hicho wazi, HMRC iliiongeza tena kwa kumbukumbu zake, akadaiwa kodi mara mbili. Dawa ilikuwa kurekebisha ritani kabla ya Januari 31, 2023 kupita: kuitoa kwenye mauzo, kuiandika kwenye kisanduku.